Notisi ya kukatiwa umeme: wahi kabla ya tarehe

Pole sana, dada. Bili za miezi 3 zimelundikana, notisi imekupa siku 7, na mama anategemea mashine ya oksijeni. Anza na hiyo mashine: leo hii omba barua ya daktari uipeleke kwa kampuni ya umeme, maana sehemu nyingi mgonjwa wa namna hiyo hufikiriwa kipekee. Muulize pia daktari mfanye nini umeme ukizimika ghafla. Hilo lisisubiri.

Kisha omba kulipa kwa awamu. Usiahidi kikubwa ili tu wakukubalie. Mimi niliahidi nusu ya deni, mwezi wa pili nikashindwa, wakakata, na gharama ya kurudishiwa ikaja juu yake. Taja kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya, na makubaliano yawe kwa maandishi.

Soma mita mwenyewe, ulinganishe na bili. Ikiwa bili ni ya makadirio, yaani mita haikusomwa, huenda unadaiwa usichotumia. Angalia pia kinachokula umeme mwingi nyumbani: hita ya maji ya wati 3,000 ikiwaka saa moja inakula uniti 3, ambazo balbu ya wati 10 ingezitumia kwa saa 300. Na wakikata, tafadhali usijiunganishie, waya zinaua.