Jibu: bia ya kahawia yenye ladha ya karanga

Ndugu, umeuliza kwa nini bia yako uliyotia karanga za kusaga haitoi povu na inanuka mafuta ya zamani. Ni karanga zenyewe: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta huua povu, kisha huharibika chupani.

Waingereza, wenye bia hii ya kahawia, kwa kawaida hawatii karanga hata moja. Ladha ile inatoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) kilichokaangwa. Hapo Bukavu mbabula yako, jiko la makala (makaa), inatosha. Kwa lita 20, toa nusu kilo kwenye kilo 4 na nusu za kimea cha shayiri, ukaange kwenye sufuria pana, makala kidogo, ukikoroga bila kuacha. Vunja punje mara kwa mara: ndani ikipata rangi ya biskuti, epua haraka. Ikifika rangi ya kahawa, umepitiliza. Kiache kwenye mfuko wa karatasi wiki moja au mbili, ukali wa moshi utoke. Usikaange chote, maana moto mkali unaua vimeng'enya, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na wanga hautageuka.

Ukishikilia karanga (za soko la Kadutu ni tamu, naelewa), zikaange, zitwange, uzikande na maji moto kidogo kidogo hadi mafuta yatoke, ndipo uzitie bia ikisha kuchacha. Zenye ukungu tupa, sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Na waambie wanywaji mna karanga, kuna wanaodhurika nazo vibaya.