Wasomaji Wauliza: Nijitolee kufunga maturubai ufukweni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 20, nakaa Ujiji. Mwisho wa Agosti kuna tamasha la ngoma ufukweni hapa Kigoma, nami nimejiandikisha kujitolea siku mbili za kuandaa uwanja. Tumeambiwa tufike saa 12 asubuhi, basi, maelezo mengine hakuna. Kaka yangu anasema nitaishia kuteka maji na kupika, kwamba maturubai ni kazi ya wanaume, tena hii ni ya bure. Niende? Na nijiandae vipi?
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Nimefunga maturubai ya harusi na misiba mtaani Mwanga, hapahapa Kigoma, kwa miaka 19. Nilianza kwa kumshikia kamba marehemu mume wangu, na leo vijana sita wa kiume hawavuti mpaka niseme "vuta". Turubai husimama kwa fundo na kwa pale kigingi kilipoingia. Ukifika, usingoje kupangiwa jikoni, shika kamba.

Kwanza hiyo saa 12. Sisi tuko mbali magharibi, na saa ni moja nchi nzima, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa dakika kama 40 kuliko la Dar es Salaam. Mwisho wa Agosti, saa 12 kwetu bado giza. Usitoke peke yako, na beba tochi. Waandaaji wakiwa wageni wa huku, wapigie uwaambie mapema, maana watajikuta wamekaa kwenye gari na spika zao wakingoja kupambazuke. Muda huo utafidiwa jioni, jua linapozama karibu saa 1 nyuma ya milima ya Kongo.

Sasa upepo, na hapa naomba unisikilize sana. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya upepo wa kusini ziwani. Asubuhi unaweza kukuta maji yametulia tuli ukadhani siku nzima itakuwa hivyo. Mwaka mmoja tulifunga turubai kubwa mchangani asubuhi kama hiyo, kwa vigingi vya chuma virefu kama mkono wangu. Saa 9 alasiri kona ya upande wa ziwa ikanyanyuka, kigingi kikachomoka kama mwiko kwenye uji, na bomba likampiga mama mmoja begani. Alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo sipigi kigingi kwenye mchanga mtupu.

Fanya hivi. Jaza salfeti mchanga wenye unyevu, funga kamba ya manila katikati ya mfuko, chimba shimo la kufika mapajani, uulaze humo, fukia, kisha mkanyage watu wawili kwa miguu mpaka ardhi iwe ngumu. Kama nguzo ina mita 3, shimo liwe mita 3 kutoka shina la nguzo. Likikaa karibu, kamba inavuta kwenda juu na mfuko unafuata. Watu hupenda kufunga kona kwenye dumu la maji la lita 20. Dumu hilo ni kilo 20 tu, mtoto wa darasa la nne ana uzito kuliko hapo. Pipa la lita 200 likijaa lina kilo 200, hilo nalikubali. Na mchana upepo ukishaanza, zunguka kila kona ukaze upya, hata kama hakuna aliyekutuma.

Jambo jingine ambalo waandaaji wengi hulisahau: ule mchanga una wenyewe. Kina mama wanaoanika dagaa wameutumia kabla tamasha halijafikiriwa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa, wale wanaovutia dagaa kwa mwanga usiku, hupumzika na ufukwe huwa mtupu, lakini usiku wa giza boti zitarudi na mzigo alfajiri, na dagaa hazisubiri ngoma ziishe. Nenda siku moja kabla, wasalimie, uliza njia yao ya kubebea iko wapi, na jukwaa likae pembeni yake. Waya za jenereta zisikatize hapo.

Kuhusu bure: uliza mapema nani atatoa chakula cha mchana, na ukiumia nani atakupeleka hospitali. Wakishindwa kujibu hilo la pili, baki nyumbani. Glavu nunua mwenyewe, manila inachuna viganja.

Mwisho, jiandikishe pia siku ya kubomoa. Siku hiyo watu hukimbia, ndipo misumari na vipande vya waya vinabaki mchangani, na kesho yake mtu anapita pekupeku na beseni la dagaa kichwani. Mwombe kaka yako akusindikize ile alfajiri ya kwanza, na mkifika mpe upande wa pili wa kamba.