Mjomba anataka nifunike jina la kinanda changu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, napiga kinanda katika bendi ya taarab na harusi ya mjomba wangu hapa Tanga. Mwaka jana nilinunua kinanda changu mwenyewe, Yamaha, kwa pesa ya mchezo na ya kusuka nywele. Siku hizi mjomba anakuja na tepu nyeusi kwenye kila shughuli, anataka nibandike juu ya jina lililoandikwa nyuma ya kinanda, lile linaloonekana na watu. Anasema hatuwatangazii Wajapani biashara bure. Halafu kuna kampuni ya simu itadhamini tamasha mwezi ujao, na anasema hawataki jina la kampuni nyingine jukwaani. Nilibandika mara moja, gundi ikayeyuka na kuacha alama. Jina la kwenye dramu limeachwa vilevile. Niliponuna, wenzangu wakasema najidai na kinanda changu. Shangazi, nikikataa nitakuwa nimemvunjia mjomba heshima?

Mwenye Kinanda, Tanga

Marahaba mwanangu.

Nianze na jibu lenyewe. Kinanda ni chako, na jina lililo juu yake hulazimiki kulifunika isipokuwa kwa shughuli ambayo mkataba wake unasema hivyo kwa maandishi, na maandishi hayo umeyaona kwa macho yako. Kusema hivyo si kumvunjia mjomba heshima. Heshima itapimwa kwa namna utakavyomwambia, mahali utakapomwambia na utakayekwenda naye, na hayo nitayafikia.

Kwanza tumpe mjomba haki yake, maana hoja yake ina mizizi. Wapo waliofunika majina kabla yake, tena wakubwa. BBC ya Uingereza, inayoendeshwa kwa ada ya watazamaji, kwa miaka mingi haikutaka kampuni itajwe bila sababu. Mwaka 1970 Ray Davies wa bendi ya The Kinks alikuwa ziarani Marekani ikambidi arudi studio London kurekodi upya neno moja tu la wimbo, kwa kuwa alikuwa ametaja Coca-Cola na BBC isingeupiga. Na tangazo la bure kweli lipo. Tarehe 9 Februari 1964, watu wapatao milioni 73 walipowatazama The Beatles kwenye televisheni ya Marekani, jina la Ludwig lilikuwa limeandikwa juu ya ngoma kubwa ya Ringo Starr, mbele kabisa, kamera haina pa kulikwepa. Oda za dramu zikamiminika kwenye kiwanda cha Ludwig kule Chicago. Mjomba wako akisema jina la jukwaani lina thamani, hasemi uongo.

Lakini thamani hiyo inategemea nani anatazama. Vijana wa 1964 waliotazama The Beatles walitaka kesho yake kuanzisha bendi. Wageni wako wa harusi wamekuja kumtazama bwana na bibi harusi, kula pilau na kumtunza mwimbaji. Ukiwauliza wakishatoka kinanda kilikuwa cha aina gani, wengi hawatakumbuka hata kilikuwa na rangi gani. Na kwa Tanga hasa, jina hilo halihitaji harusi yako ili lijulikane. Nenda pwani ya Sahare asubuhi wavuvi wanaporudi, tazama injini za boti: utalikuta lilelile, na alama ileile ya uma tatu za kupimia sauti. Bwana Torakusu Yamaha alianza na kinanda cha shule mjini Hamamatsu mwaka 1887. Pikipiki zilikuja mwaka 1955 chini ya kampuni nyingine, injini za boti zikafuata, na alama zikabaki zinafanana. Kipande cha tepu ukumbini hakitawapunguzia wala kuwaongezea kitu.

Tena kuna ala ambazo hata ukizifunika zinajitaja. Kinanda cha Nord kutoka Sweden ni chekundu kote. Bandika tepu unavyotaka, wanamuziki watakijua wakiwa bado mlangoni. Gitaa la Fender linajulikana kwa umbo la kichwa chake. Anayefunika jina mara nyingi huwaficha wale tu ambao hata lisingefunikwa wasingelisoma.

Sasa hili la kampuni ya simu. Hapa usikatae haraka. Mdhamini akishalipia jukwaa, jukwaa limeuzwa, na wadhamini huwa wakali kupita tunavyodhani. Kwenye Kombe la Dunia Afrika Kusini mwaka 2010, wanawake 36 walitolewa uwanjani Johannesburg kwa sababu ya magauni ya rangi ya chungwa ya kampuni ya bia ya Kiholanzi, Bavaria, na magauni yenyewe hayakuwa na jina kubwa la kusomeka kutoka mbali. Kosa lao lilikuwa kwamba bia iliyolipia mashindano ilikuwa nyingine. Kwa hiyo sharti la namna hiyo linaweza kuwepo kweli, na likiwepo kwenye karatasi mliyosaini, lifuateni.

Ila lisomeni. Kampuni ya simu kwa kawaida inaogopa kampuni nyingine ya simu. Kinanda hakiuzi vocha. Kama mdhamini angekuwa muuza pikipiki, ningekwambia funika bila kubishana, maana hapo jina lako lingekuwa la mshindani wake hasa. Mwombe mjomba mwone pamoja kifungu kinachohusu majina. Kama kimeandikwa "kampuni nyingine yoyote", basi ala zote zinahusika: kinanda, dramu, maspika, hata maiki aliyoshika mwimbaji. Kama kimeandikwa "kampuni shindani", kinanda chako kimo salama. Na kama hakuna karatasi yoyote, ni maneno ya simu tu, basi bendi yenu ina tatizo kubwa kuliko tepu, kwa sababu hata malipo yenu nayo yatakuwa ni maneno ya simu tu.

Umeniandikia kwamba jina la dramu limeachwa. Hapo ndipo nilipolisoma upya suala lote. Ikiwa dramu ni ya bendi, imenunuliwa na mjomba, na jina lake halimsumbui, basi wasiwasi wake hautokani na Wajapani. Kuna kitu kingine kinamkera pale anapotazama kinanda chako, na mimi nadhani nakijua.

Mjomba wako ana umri gani? Kama alianza muziki miaka ya sabini au themanini, amekulia kwenye utaratibu ambao mwanamuziki hakuwa na chombo. Chombo kilikuwa cha bendi, na bendi ilikuwa ya taasisi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kikageuka OTTU, bendi ikafuata, na leo wengi wanaijua kwa jina la Msondo. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na yao, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, hata mabasi ya UDA yalikuwa na bendi. Mtu akihama, kama walivyohama wengi kwenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, aliondoka na vidole vyake na sauti yake. Gitaa lilibaki. Utaratibu ule ulilea wanamuziki wetu wakubwa, ukawapa mshahara wa mwezi, sitaki kuudharau. Lakini uliwafundisha kwamba mwenye vyombo ndiye mwenye bendi.

Sasa wewe, mpwa wake, msichana wa juzi, umeingia ukumbini na chombo kizuri kuliko vyote alivyonunua yeye, na ni chako. Ukiamka kesho ukaenda Dar es Salaam, kinaondoka. Jina lile linang'aa mbele ya watu kila shughuli, na kila akilitazama anakumbushwa hilo. Sidhani kama amekaa akaliwaza hivyo. Tepu nyeusi ndiyo iliyomjia mkononi. Naweza kuwa nimekosea juu ya moyo wa mtu nisiyemjua, lakini wewe unamjua. Liweke hili kando ya mambo mengine aliyowahi kukwambia tangu ukinunue kinanda, uone kama halifanani nayo.

Na wenzako wanaosema unajidai, hao nawajibu kwa ukali kidogo. Katika taarab tumezoea mwanamke aimbe, aitikie, atunzwe. Ala tumewaachia wanaume muda mrefu. Zanzibar kina mama wa kikundi cha Tausi, alichokianzisha Bi Maryam Hamdani, wameshika ala wenyewe, na dunia haikupinduka. Mwanamume akinunua gitaa jipya bendi nzima inamzunguka kulijaribu, hakuna anayemwambia anajidai. Ulisuka nywele za watu ukanunua kinanda. Kipende hadharani, mwanangu, bila kuomba radhi.

Haya, mjomba. Usimjibu ukumbini, wala mbele ya wapigaji wengine, hata akija na tepu mkononi dakika tano kabla ya kupanda. Siku hiyo kaa kimya, weka kitambaa. Mazungumzo myafanye nyumbani kwake, baada ya alasiri, na uende na mama yako. Yeye ni dada yake. Kuna maneno ambayo dada anaweza kumwambia kaka yake na wewe huwezi, na kuna hasira ambayo mjomba hawezi kuitoa mbele ya dada yake. Anza na shukrani ya kweli, kwamba yeye ndiye aliyekufundisha na kukupandisha jukwaani. Kisha mwambie bila kuzunguka: "Mjomba, kinanda nimekinunua ili bendi ipate sauti nzuri. Sina nia ya kuondoka nacho usiku. Lakini naomba tukubaliane ni changu, na kwamba kikiharibika kwenye shughuli ya bendi, bendi inanisaidia kutengeneza." Ninavyoona mimi, hili la matengenezo lina uzito kuliko jina. Kinanda chako kinapandishwa kwenye pikapu, kinamwagikiwa soda, kinapigwa vumbi la viwanja, na mpaka sasa hasara yote ni yako.

Omba pia posho ya chombo, hata iwe ndogo. Kama bendi ingekodi kinanda, ingelipa. Muandike kwenye daftari la bendi, tarehe na kiasi, msaini wote, na mama ashuhudie. Andika humo namba ya kiwanda, ile iliyo nyuma au chini ya kinanda, na uipige picha ubaki nayo kwenye simu. Kikiibiwa, hiyo ndiyo utakayokwenda nayo polisi.

Ukishayapata hayo, mpe mjomba kitu ambacho tepu isingempa. Shona kitambaa kirefu cha kuning'iniza mbele ya stendi ya kinanda, kiandikwe jina la bendi yake na namba ya simu ya kazi, herufi kubwa, zisomeke mpaka meza ya mwisho. Kitafunika jina la kiwanda kwa siku zile mtakapotaka lifunikwe, na siku nyingine utakishusha kidogo yaonekane yote mawili. Wanamuziki wa Kongo walijua zamani kwamba kutaja jina jukwaani ni kitu chenye bei, wakaita libanga, na anayetaka kutajwa analipa. Mjomba akitaka sehemu ya mbele ya jukwaa iingize pesa, basi aanze kwa kuitangaza bendi yake, kisha auze nafasi pembeni kwa mpambaji, mpishi au duka la magauni. Hiyo ni biashara, na kwa hesabu anayoipenda yeye itamletea kitu mkononi.

Kitambaa kisizibe tundu za hewa wala matundu ya nyaya za nyuma. Kinanda kikipata joto kwenye ukumbi wa Tanga mwezi wa pili, hakihitaji kuvishwa koti.

Na hiyo alama ya gundi: usikwangue kwa kisu wala usipake petroli au thina, vitakula rangi na maandishi ya vitufe. Weka mafuta kidogo sana ya kula kwenye kitambaa laini, sugua taratibu mpaka gundi iachie, kisha futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa, kinanda kikiwa kimezimwa na kuchomolewa. Jaribu kwanza upande wa chini usioonekana. Ikibidi tepu siku ya huyo mdhamini, achana na ya umeme na ile ya kahawia ya kufungia maboksi. Muombe fundi mitambo tepu ya kitambaa isiyong'aa, wanayobandikia nyaya sakafuni, ibandike dakika za mwisho na uitoe usiku huohuo kabla ya kupakia. Mwambie na mpiga dramu, kama naye atatakiwa kufunika, asithubutu kuweka tepu kwenye matoazi, yatakosa mlio. Ngozi ya mbele ya ngoma kubwa inavumilia zaidi.

Tamasha ni mwezi ujao, kwa hiyo mwende kwa mjomba kabla hajasaini, wiki hii ikiwezekana, na mumwombe kifungu hicho cha majina kiandikwe "kampuni shindani". Mdhamini akikataa, basi aseme ni nani atakayeleta vifuniko vya ala zote, na nani atalipa kama ala itaharibika.

Shangazi