Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Swali lenu la wiki hii, "Nini kinamjenga au kumbomoa mtoto kabla hajaanza shule?", limenikuta na daftari la vipimo vya watoto mkononi. Mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hapa Makambako, mkoani Njombe, mwaka wa 11 sasa. Jibu langu ni hili: ni mtu anayeshinda naye.

Huku kwetu hatulii njaa. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo, na maparachichi yetu yanapakiwa kwenda kuuzwa nchi za nje. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa inaongoza nchini kwa udumavu, karibu asilimia 57 ya watoto walio chini ya miaka 5, ikifuatwa na Njombe na Rukwa, kila mkoa takribani asilimia 50. Kitaifa ni asilimia 30. Nusu ya watoto wetu, katika mikoa inayolisha miji! Niliposikia takwimu hizo nilijisikia vibaya siku nzima.

Udumavu hauonekani kirahisi. Mtoto anaweza kuwa na mashavu yamejaa na anacheka vizuri, ila ni mfupi kuliko umri wake. Ukimwambia mzazi anakujibu, "Mwalimu, sisi ukoo wetu ni wafupi." Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka. Kumbe Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuwapima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliotunzwa vizuri, likakuta katika miaka 5 ya kwanza wanarefuka karibu sawasawa. Viwango vya kupima ukuaji wa watoto vilivyotolewa mwaka 2006 vinatokana na kazi hiyo. Kwa hiyo nusu ya watoto wa mkoa mzima kuwa wafupi si jambo la ukoo.

Ni nini, basi? Fuata siku ya mtoto mmoja. Mama anatoka saa 12 alfajiri kwenda shamba. Mtoto wa miaka 2 anabaki na dada yake wa miaka 8 na bakuli la ugali wa jana. Tumbo la umri huo ni dogo, linataka chakula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Yeye anakula asubuhi, kisha usiku akiwa tayari anasinzia. Mayai ya kuku wa nyumbani yameenda sokoni. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nimewahi kuona mtoto akinyweshwa ili alale, kazi iendelee. Sisemi hivi kumlaumu yule mama. Alikuwa na shamba la kupalilia, na hakuwa na wa kumwachia mtoto.

Miaka miwili iliyopita bibi mmoja alituletea mjukuu wake wa kiume, miaka 3 na nusu. Maneno yake yalikuwa "mama" na "lete", basi. Tukahofia hasikii, lakini alipopimwa masikio yalikuwa mazima. Bibi akatuambia, "Mwanangu, nyumbani hakuna wa kuongea naye. Tukirudi keshalala." Tukakubaliana kwamba kila asubuhi mmoja wetu atakaa naye wakati wa uji, amtajie kila kitu: kikombe, kijiko, moto, poa kwanza. Hatukununua mwanasesere wa dukani. Tulitumia magunzi, vifuniko vya chupa na mdoli wa matambara. Wiki ya tatu akasimama mlangoni, akanyoosha kidole nje: "Mvua." Mwaka ulipoisha alikuwa anauliza maswali mpaka tunaombana zamu ya kumjibu. Urefu wake, hata hivyo, bado uko chini ya mstari kwenye kadi ya kliniki. Hilo linaniuma kila nikimpima.

Kuna jambo lililofanyika Kingston, Jamaika, ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mwaka 1986 na 1987 daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka 2 na mhudumu wa afya wa jamii, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata lolote. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo. Asije mtu akasema basi chakula si kitu, maana ubongo haujengwi kwa maneno matupu. Ninachosema ni kwamba huyohuyo anayemlisha ndiye anayepaswa kumsemesha.

Wazazi wa pale mjini wananiuliza mtoto wa miaka 4 ameshajua kuhesabu hadi ngapi. Mimi nawauliza jana mmezungumza naye nini.

Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini palizi haisubiri programu. Mtaani kwetu familia tano zimeanza kupokezana: siku moja kwa wiki mzazi mmoja habandui mguu nyumbani, anabaki na watoto wote na sufuria ya uji wa dona wenye karanga, na saa 6 wanakula maharage na parachichi lililopondwa. Ijumaa ni zamu ya baba mmoja, na watoto wanampenda kwa hadithi zake za fisi. Wale madada wa miaka 8 wamerudi darasani.