Karanga zimeisha, mtaji haujarudi

SWALI: Kijana wangu wa miaka 14 huuza karanga Jumamosi stendi ya Nyegezi. Nampa kilo 2 za 7,000; mkaa, chumvi na karatasi ni 1,000. Kifungu ni 200. Anarudi na 6,000, karanga zimeisha. Ananiibia? – Mama wa Mkolani, Mwanza

JIBU: Mama, usimwite mwizi kabla ya kuhesabu. Shilingi 6,000 ni vifungu 30. Kilo 2 zikikaangwa maji hukauka, zikabaki kama gramu 1,900, yaani gramu 63 kila kifungu. Inaelekea anapima kwa kiganja, na mteja akisema “ongeza” anaongeza.

Tafuteni kikombe kidogo kinachoingia gramu 40, mpime dukani mara moja, kisha kila kipimo akipige msawazo kwa kisu. Atapata vifungu 47: 9,400. Afunge nyumbani, zikishapoa kabisa; zikifungwa moto hutoa jasho na kulainika. Nyeusi au zenye ukungu mzitupe, hata kama inauma.

Vifungu 40 vya kwanza ni mtaji, mfuko wa kushoto. Saba vya mwisho ndiyo faida, 1,400, mfuko wa kulia. Soda anunue kwa wa kulia tu. Tafadhali, faida hiyo mwachie aishike mwenyewe.