Kwa mlioniuliza kutoka Mwanga, Kigoma: msiuze shamba kwa ajili ya cheti cha Uingereza

Wadogo zangu, mwezi huu watatu kati yenu mmeniuliza jambo lile lile: yupo wakala anayetangaza kazi ya kutunza wazee huku Uingereza, anadai shilingi milioni 4 za cheti cha udhamini, nanyi mnataka kujua kama mlipe. Msilipe. Ninaeleza kwa urefu kwa sababu nimesikia kwamba mmoja wenu ameanza kutafuta mnunuzi wa shamba la michikichi aliloachiwa na baba yake.

Njia iliyowaruhusu waajiri wa huku kuleta watunza wazee wapya kutoka nje ya nchi ilifungwa tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo anayewauzia nafasi hiyo leo anauza kitu ambacho hakipo. Hata kwa kazi ambazo bado zinadhaminiwa, cheti hicho si karatasi yenye mhuri na bendera kama ile mliyonitumia, bali ni namba ya kumbukumbu iliyomo katika mfumo wa serikali, ambayo mwajiri mwenye leseni humpa mfanyakazi ili aijaze kwenye maombi ya viza. Ada ya kukitoa, iliyopandishwa kuwa pauni 525 mwezi Aprili 2025, ni ya mwajiri, na haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Orodha ya waajiri wenye leseni inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Lakini kwa kuwa matapeli hujivika majina ya kampuni za kweli, itafuteni wenyewe namba ya simu ya kampuni hiyo, msitumie ile aliyowapa wakala. Kuhusu wakala mwenyewe, ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Katika mwaka wangu wa pili huku, nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku iliyopitiliza hadi asubuhi, nilipigiwa simu na mtu aliyelijua jina langu kamili na mtaa ninaoishi. Alisema anatoka ofisi ya kodi, kwamba nina deni, kwamba hati ya kunikamata imeshatolewa, na kwamba nikikata simu au nikimweleza mtu yeyote, polisi watakuja kazini kunichukua. Nilitoka nikaenda dukani na simu ikiwa sikioni, nikanunua kadi za zawadi za pauni 600, nikamsomea namba za nyuma, moja baada ya nyingine. Hakuna ofisi ya serikali inayopokea kodi kwa kadi za dukani, na kama mtu angeniuliza kwa utulivu siku hiyo ningelijibu hivyo hivyo. Lakini mgeni anayeishi kwa kibali huogopa polisi kuliko anavyoogopa kupoteza fedha, na mwizi yule alilijua hilo. Miezi mitatu ambayo sikutuma chochote, mama akalia kwamba nimewasahau, sababu ilikuwa hiyo. Nilinyamaza kwa aibu, na wengi tulioko huku tunanyamaza vivyo hivyo, ndiyo maana mnaona picha zetu tu.

Kazini nako hali ni hiyo hiyo. Mwenzangu mmoja mshahara wake wa mwezi mzima uliingia kwenye akaunti ya mwizi, kwa kuwa mhasibu alipokea barua pepe yenye jina la mwenzangu huyo ikiomba namba ya benki ibadilishwe, naye akaibadilisha bila kumwuliza. Vijana wengine huombwa waazimishe akaunti zao ili fedha za mtu fulani zipite, wabaki na kiasi kidogo. Hiyo huhesabiwa kuwa utakatishaji wa fedha, ambao kifungo chake hapa kinaweza kufika miaka 14.

Huko Kigoma, ninayemwogopea zaidi ni shangazi yetu wa Kibirizi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" humpata mfanyabiashara wa dagaa kwa urahisi, kwa sababu kweli kuna mtu anayemsubiri amtumie hela. Mwambieni ampigie kwanza mdai wake kwa namba ya zamani. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kila mmoja wenu abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Anayejiita wa huduma kwa wateja wa kampuni ya simu huku akipiga kwa namba ya kawaida, wala si 100, kateni simu.

Mimi nami sitawaomba fedha kwa ujumbe kamwe. Siku hizi hata sauti huigizwa, kwa hiyo mkinisikia nalia kwamba nimekamatwa au nimelazwa, niulizeni swali ambalo nimekubaliana na mama. Swali lenyewe siliandiki hapa. Atawaambia kwa mdomo siku mtakapokwenda kumsalimia Ujiji.