Bomba linalodondosha, mlango unaogoma: kero ndogo ambazo nguvu huzizidisha

Kero kubwa ina heshima yake: paa likivuja, fundi anaitwa siku hiyohiyo. Kero ndogo ndiyo inayokaa nyumbani miaka. Bomba la jikoni linasema ndo, ndo, ndo usiku kucha, mlango wa chumbani unataka bega kila masika, zipu ya begi inafungwa mbele huku inaachia nyuma. Wenyeji wameshazoea, na mgeni anaelekezwa tu: "Huo mlango unyanyue kidogo halafu sukuma." Kila mtu anaongeza nguvu kidogo, mpaka siku kitu cha bei ndogo kinapovunja kitu cha bei kubwa.

Bomba ndilo mfano mzuri kuliko yote. Bomba la kawaida, lile la kuzungusha mara kadhaa, lina mhimili unaopanda na kushuka, na mwishoni mwa mhimili huo kuna kidude cha mpira kiitwacho washa. Ukifunga, washa inakandamizwa kwenye ukingo wa shaba ulioko ndani, ambao mafundi huuita kiti. Mpira ukikomaa unakuwa mgumu na unachimbika mfereji mduara, maji yanapita humo. Ukikaza zaidi, matone yanakoma wiki moja au mbili kwa sababu umeukandamiza mpira mpaka chini, kisha yanarudi. Ukiendelea hivyo, chembe za mchanga zinaanza kukwaruza kiti chenyewe, na hapo hata washa mpya haisaidii.

Kabla ya kushika spana, angalia maji yanatokea wapi. Yakitoka mdomoni mwa bomba wakati limefungwa, tatizo ni washa au kiti. Yakitoka chini ya mpini wakati bomba limefunguliwa, washa ni nzima. Kilicholegea ni pakin, yaani kizibo laini kilichozunguka mhimili. Hiyo mara nyingi haihitaji kufungua kitu: kaza nati iliyo chini ya mpini kwa robo mzunguko, fungua maji, tazama. Isipokoma, ongeza robo nyingine. Mpini ukianza kuwa mzito kuzungusha, umezidisha.

Kama ni washa, funga maji kwanza, na hapa wengi hukosea. Nyumba yenye simtanki ina njia mbili za maji. Ukifunga koki ya mita tu, maji ya tangi yanaendelea kushuka, nawe unafungua bomba huku dimbwi linakungoja. Funga zote mbili, kisha fungua bomba unalotaka kutengeneza mpaka liishiwe kabisa. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ndogo ya mpini huwa na hamu ya ajabu ya kuingia humo.

Bandua kile kifuniko chenye alama nyekundu au ya bluu kwa ncha ya kisu butu, ondoa skrubu, vua mpini. Acha mhimili ukiwa umefunguliwa nusu, ili washa isiwe imebanwa kwenye kiti wakati unachomoa. Sasa shika mwili wa bomba kwa spana moja, na kwa spana ya pili, ile wenyewe wanayoiita spana malaya, zungusha nati kubwa kinyume cha saa. Spana ya kwanza usiiache. Bila hiyo, bomba zima linazunguka pamoja na nati, na kiungo cha plastiki kilichozikwa ukutani kinapasuka. Kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kubomoa vigae.

Washa ya zamani nenda nayo dukani. Usiseme tu "ya nusu inchi", kwa sababu za nusu inchi zenyewe zinatofautiana unene na tundu. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole uguse kiti. Kikiwa laini, weka washa mpya. Kikiwa na pengo unalolisikia kwa ukucha, usipoteze muda, nunua bomba jingine. Na ukifunga bomba jipya ukutani, tepu nyeupe ya mafundi ina upande wake: elekeza uzi wa bomba usoni pako, zungusha tepu kwa mwelekeo wa saa, mizunguko mitano hadi minane ukiivuta kidogo. Ukiizungusha kinyume, inajikunja na kutoka wakati unafunga, halafu lawama zinakwenda kwa tepu.

Mabomba ya siku hizi ya kugeuza robo tu hayana washa. Ndani yana visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na adui wao ni mchanga. Chomoa kile kipande kizima chenye visahani hivyo, kisuuze vizuri kwa maji safi ukikigeuzageuza, kirudishe. Kikiendelea kuvuja kinabadilishwa chote; nenda nacho dukani, hesabu na meno ya juu yanayoshika mpini, maana kikitofautiana mpini hauingii.

Anayesema matone hayana hasara aweke chupa ya nusu lita chini ya bomba na atazame saa. Ikijaa kwa saa mbili, hizo ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi: ndoo 9 za lita 20. Kwa anayenunua maji ya boza, hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Kinyume chake ni bomba linalotoa maji kiuzi wakati la jirani linamwaga. Mdomoni mwake kuna kichujio cha wavu. Kifungue kwa mkono uliozungushiwa kitambaa, gonga mchanga utoke, kisha kiloweke kwenye siki. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, na ule ukoko mweupe hautoki kwa sabuni. Bomba la mvua nalo ni hivyohivyo: mimina siki kwenye mfuko wa plastiki, uvike juu ya kichwa cha bomba, funga kwa mpira, subiri saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani. Usiache usiku kucha kama lina rangi ya dhahabu au nyeusi. Siki itaila rangi.

Choo kinachonong'ona muda wote kina sababu mbili tu za kawaida. Weka matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi haukai sawa: pengine ni ukoko wa chumvi, ufute kwanza kabla ya kununua mwingine. Rangi isipoonekana lakini maji yanazidi kupanda na kumwagikia kwenye bomba la kati la kuzuia mafuriko, boya liko juu mno. Lishushe mpaka maji yakome kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba hilo.

Tuingie jikoni. Sufuria inayoota masizi kwenye jiko la gesi si lazima iwe gesi mbaya, ingawa muuzaji ndiye anayepigiwa simu wa kwanza. Moto wa bluu unahitaji hewa ya kutosha kuchanganyika na gesi. Maziwa au uji uliofurika ukiziba matundu ya kichwa cha jiko, au kile kifuniko cha juu kikikaa upande, moto unakuwa wa njano na unarembuka. Jiko likipoa, toa kichwa, zibua tundu mojamoja kwa sindano (njiti ya meno inavunjikia ndani), osha, na kausha kabisa kabla ya kurudisha. Kichwa chenye maji hugoma kuwaka, watu wakadhani kimeharibika. Maji ya chumvi yakimwagika, moto hugeuka rangi ya machungwa kwa muda. Hilo halina neno. Masizi ndiyo dalili ya kufuata.

Kero ya pili ya gesi ni kuisha wali ukiwa nusu. Mtungi una uzito wake mtupu ulioandikwa kwenye shingo au kwenye mshikio. Toa uzito huo kwenye uzito unaosoma kwenye mzani: mtungi wa kilo 6 wenye uzito mtupu wa kilo 7, ukisoma kilo 9, umebakiwa na kilo 2. Huna mzani? Mimina jagi la maji ya moto ubavuni mwa mtungi, kutoka juu mpaka chini, subiri dakika moja, kisha shusha kiganja taratibu. Sehemu ya juu itakuwa ya vuguvugu, halafu ghafla utakutana na ubaridi. Pale ubaridi unapoanzia ndipo gesi ya maji ilipo, kwa sababu inafyonza joto haraka kuliko ile iliyo mvuke. Kuulaza mtungi ili "kukamua" ya mwisho usifanye kamwe: gesi ya maji inaingia kwenye regulata na mpira, na moto unaotoka hapo hauna adabu. Ukihisi harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa. Ukitaka kujua panapovuja, paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira uone mapovu. Kiberiti si kipimo.

Mlango unaogoma masika una kisa chake. Mbao hunywa unyevu, na hunywa zaidi kwenye kingo za juu na chini, ambazo mpaka rangi mara nyingi huziruka kwa kuwa hazionekani. Lakini usikimbilie randa. Kwanza tikisa mlango ukiwa wazi nusu: ukicheza, bawaba zimelegea na mlango umeinama, haujavimba. Skrubu ikiwa inazunguka bila kukaza, itoe, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikate usawa, acha zikauke usiku mzima, kisha rudisha skrubu ileile. Milango mingi inapona hapo. Kama umevimba kweli, paka chaki ukingoni, funga na ufungue, uone chaki imefutika wapi. Piga msasa hapo tu. Randa ipige kiangazi mbao ikiwa imekauka, na kidogo, maana aliyeranda masika anapata mlango wenye mwanya wa kupitisha mjusi. Kisha paka rangi kingo zote, hasa ile ya chini.

Bawaba zinazolia zisipewe mafuta ya kupikia. Zinanyamaza siku tatu, halafu mafuta yananata, yanashika vumbi, kelele inarudi na uzito juu yake. Tumia mafuta ya cherehani au grisi kidogo: chomoa pini moja, ifute, ipake, irudishe, ndipo uende kwenye nyingine. Ukichomoa zote kwa pamoja utabaki umeshika mlango. Kufuli linaloshika ufunguo, kwa upande wake, linataka unga wa penseli: chora meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, ingiza na kutoa mara kumi.

Zipu inayofunga huku inaachia nyuma, meno yake kwa kawaida ni mazima. Kilichochoka ni kile kichwa kinachoyabana, kimepanuka kwa kuvutwa begi likiwa limejaa. Kirudishe mpaka mwanzo wa zipu, kisha kibane kwa plaizi upande mmoja, halafu mwingine, kidogo sana, ujaribu kila mara. Ukibana kwa pupa kinakwama moja kwa moja au kinakatika, na hakuna wa kumlaumu. Ikiwa ni nzito tu, isugue kwa mshumaa.

Kuna kero moja ya nguvu ambayo si ndogo hata kidogo, ila imezoeleka: chaja ya pini mbili za duara kuingizwa kwenye soketi zetu za matundu matatu bapa kwa kuchomeka kalamu tundu la juu. Lile tundu lina kazi. Pini yake ndefu ndiyo inayofungua vizibo vya chini. Pini za duara hazishikwi vizuri na vyuma vilivyotengenezewa pini bapa, zinachezacheza, zinatoa cheche na joto, mpaka plastiki inageuka kahawia. Kwa chaja ndogo nunua adapta yenye fyuzi. Kwa feni au blenda, kata plagi ufunge ya pini tatu. Ukiifungua na kuitazama kwa ndani, pini ndefu ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia kwenye fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na njano juu. Waya ukiwa na nyuzi mbili tu, pa juu paachwe wazi. Kibano cha chini kishike ganda la nje la waya, siyo nyuzi za ndani. Fyuzi ya ampia 3 inatosha vitu visivyozidi wati 690 kwa umeme wetu wa volti 230. Pasi na birika vipewe ya 13.

Na sisimizi kwenye sukari: kopo likae ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni, kwani maji matupu baadhi yao huelea juu yake wakavuka. Kisha futa njia yao yote kwa maji ya sabuni, kuanzia kopo hadi kwenye ufa wanakotokea. Wanafuata harufu iliyoachwa na waliotangulia. Ukiua mia na kuiacha njia, kesho wako palepale.